Figo ya nguruwe kutoka machinjioni: mwongozo kamili wa kupima njia za kuhifadhi viungo vya kupandikiza

Watafiti wanaoanza kazi hii hukwama mahali pamoja. Mtu ana dawa au myeyusho mpya anaoamini utaifanya figo iliyotolewa idumu zaidi. Anachukua figo sita, anazihifadhi usiku kucha, asubuhi anazirudishia damu yenye joto. Mbili zinatoa mkojo vizuri, mbili zinavimba, mbili zinatoka na madoa meusi. Anaandika kwamba dawa haifanyi kazi. Ukimuuliza ni dakika ngapi zilipita tangu damu isimame mpaka maji ya baridi yaingie kwenye ateri, hana jibu.

Ninaloshikilia ni hili: figo nyingi za majaribio huharibika katika nusu saa ya kwanza, kabla hata ya kufika kwenye barafu. Kinachofuata, dawa iwe nzuri namna gani, kinapima tu ukubwa wa uharibifu huo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu imeelekezwa kwenye nusu saa hiyo.

Nimechagua figo ya nguruwe wa machinjioni kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna mnyama anayeuawa kwa ajili ya jaribio lako. Pili, figo ya nguruwe ina piramidi na vichuchu vingi (sehemu za ndani zinazopitisha mkojo) kama ya binadamu, ilhali ya panya ina kimoja tu, na ukubwa wake unaruhusu mirija na mashine zilezile za hospitali.

## Vifaa

Hakikisha vyote viko mezani siku moja kabla.

Vya machinjioni
- Saa yenye sekunde, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuandika muda tu.
- Ndoo safi ya lita 5 yenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), angalau yuniti 10,000 kwa kila lita ya damu unayotarajia kukusanya.
- Lita 2 za Ringer laktati au salini (maji ya chumvi ya dripu) kwa kila figo, zilizopoa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, zikiwa na heparini kidogo.
- Myeyusho wa kuhifadhia viungo (aina ya UW au HTK, zote hutumika hospitalini), baridi vilevile.
- Mirija ya ateri ya saizi mbili tatu, nyuzi za hariri, vibanio, mikasi na visu.
- Nguzo ya kutundikia chupa, na kipimo cha sentimita.
- Mifuko tasa mitatu kwa kila figo, sanduku la baridi, barafu inayoyeyuka na kipimajoto.
- Glavu, miwani na aproni. Nguruwe hubeba vijidudu vinavyoambukiza binadamu, *Streptococcus suis* na kirusi cha homa ya ini E vikiwemo. Mkono wenye jeraha usiguse damu.

Vya maabara
- Mashine ya baridi ya kusukuma myeyusho, ikiwa unailinganisha na barafu.
- Mzunguko wa joto: pampu, kifaa cha kutia oksijeni, kipasha joto, kipima mtiririko, na kipima shinikizo kinachosoma karibu kabisa na figo.
- Kichujio cha seli nyeupe, mashinepewa (mashine ya kuzungusha damu ili seli zitengane na plazma), gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5.
- Kipima gesi za damu, mizani, formalini, na naitrojeni ya kimiminika kwa sampuli za ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli).

Kibali kinatangulia vifaa vyote hivi. Hata kama mnyama anachinjwa kwa ajili ya nyama, omba ruhusa ya maandishi ya machinjio, ya daktari wa mifugo anayekagua, na ya kamati ya maadili ya taasisi yako. Kamati nyingine zitakuambia hazihitaji kukupa kibali. Pata kauli hiyo kwa maandishi.

## Hatua ya 1: Panga jozi kabla hujatoka

Kila nguruwe ana figo mbili zilizopitia kifo kilekile, dakika zilezile na damu ileile. Hii ni zawadi kubwa ambayo wengi huitupa. Figo moja iende kwenye njia ya kawaida, nyingine kwenye njia yako mpya.

Upande uchaguliwe kwa bahati nasibu, na bahasha ifunguliwe baada ya figo kuoshwa, si kabla. Ukiijua mapema, mkono wako utaiosha vizuri zaidi ile unayoipenda, hata bila wewe kukusudia.

Onyo linalohusu takwimu: idadi yako ni nguruwe, si figo. Nguruwe 8 wakitoa figo 16, sampuli yako ni 8, na uchambuzi uwe wa jozi. Nimeona ripoti nzuri ikianguka kwa kosa hili moja, na kurudia kazi yote kulichukua miezi.

Dalili ya mafanikio: una karatasi yenye safu za muda, upande, uzito na hali ya mshipa, na bahasha zilizofungwa na mtu ambaye hatagusa figo.

## Hatua ya 2: Machinjioni, saa ndiyo kifaa chako kikuu

Mwandishi wa muda aanze saa pale mnyama anapokatwa na damu kuanza kutoka. Kuanzia hapo figo iko kwenye joto la mwili bila oksijeni. Seli zinamaliza ATP, pampu za sodiamu kwenye utando zinasimama, maji yanaingia ndani na seli zinavimba. Huu ndio muda wa joto, na kila dakika yake ni ghali kuliko saa nzima ya baridi.

Mtu wa pili akinge damu kwenye ndoo yenye heparini huku akiikoroga taratibu. Usingoje ndoo ijae ndipo ukoroge, kwani damu ya nguruwe huganda upesi. Lita 2 hadi 3 zinatosha kwa jozi moja.

Omba figo zitolewe pamoja, zikiwa na kipande cha aota na mafuta yanayozizunguka. Mchinjaji aliyezoea kung'oa figo kwa mkono atakata ateri karibu kabisa na pale inapoingia kwenye figo, na hapo hutakuwa na pa kufungia mrija. Kaa naye siku moja kabla, mwonyeshe unachotaka. Ateri yenye urefu wa sentimita 2 ni bora kuliko dawa yoyote utakayoinunua.

Weka lengo moja la muda na ulishike, kwa mfano dakika 30 kwa kila figo. Ukiwahi kwa dakika 18, subiri hadi 30. Najua inauma kuitazama figo ikikaa tu, lakini jozi iliyooshwa dakika ya 18 na nyingine iliyooshwa dakika ya 41 haziwezi kuwekwa kwenye jedwali moja.

Dalili ya mafanikio: tofauti ya muda wa joto kati ya nguruwe wako haizidi dakika mbili tatu, na damu kwenye ndoo haina bonge hata moja.

## Hatua ya 3: Kuosha figo, mahali ambapo kazi nyingi hufia

Hapa nenda polepole unaposoma, ili uende haraka unapofanya.

Tafuta ateri ya figo kutokea upande wa aota. Angalia kama iko moja au mbili. Ikigawanyika mapema, ingiza mrija kabla ya mgawanyiko. Ukiusukuma ndani mno, utaingia kwenye tawi moja na nusu ya figo haitaoshwa kamwe. Utaiona: upande mmoja unakuwa mweupe, mwingine unabaki wa zambarau. Vuta mrija nyuma milimita chache, ufunge upya.

Kabla ya kuunganisha, jaza mrija wote kwa maji mpaka yatiririke nje. Kiputo kimoja cha hewa huziba vishipa vidogo kama kizibo, na ukishakiingiza hakitoki. Unganisha tone kwa tone, maji kwa maji.

Tundika chupa sentimita 100 juu ya figo. Urefu huo unatoa shinikizo la takriban milimita 74 za zebaki, nalo linatosha. Usiikamue chupa kwa mkono. Wanaoikamua huona figo ikisafishika haraka na kufurahi, kumbe wanachana utando laini wa ndani ya mishipa, na madhara yanajitokeza kesho yake wakati wa kurudisha joto.

Anza na Ringer au salini ya baridi yenye heparini, mililita 500 au zaidi, mpaka maji yanayotoka kwenye vena yawe angavu. Kisha pitisha myeyusho wa kuhifadhia. Mpangilio huu una sababu. UW ina wanga maalumu unaoufanya uwe mzito, na wanga huo hufanya seli nyekundu zishikamane. Ukiupeleka kwenye figo iliyojaa damu, unatengeneza vifundo ndani ya vishipa. HTK ni mwepesi kama maji na hupita kirahisi, ila unahitaji ujazo mkubwa zaidi na muda mrefu zaidi ili ulinde tishu sawasawa.

Wakati huohuo weka figo kwenye beseni la maji baridi, lakini usidhani beseni ndilo linaloipoza. Baridi inayopita ndani ya mishipa hufika kwenye kiini kwa dakika chache. Ile ya nje hupenya taratibu, na mafuta yaliyoizunguka figo yanaizuia.

Sasa tazama. Figo iliyooshwa vizuri ina rangi ya kijivu cheupe kila mahali, laini kwa kidole, na maji yanadondoka kwenye vena kwa mtiririko usiokatika. Madoa meusi yaliyosambaa ni damu iliyoganda. Figo hiyo iandikwe kuwa imeondolewa, pamoja na mwenzake. Kigezo cha kuondoa kiwe kimeandikwa *kabla* ya kuanza utafiti, la sivyo utakuwa unachagua matokeo.

Dalili ya mafanikio: rangi moja, maji angavu, uzito umeandikwa, na saa imesomwa kwa sauti: "muda wa joto umekwisha."

## Hatua ya 4: Kuhifadhi

Katika nyuzi 4 mahitaji ya nishati ya tishu hushuka hadi takriban asilimia 5 hadi 10 ya yale ya mwilini. Hushuka, hayakomi, na ndiyo sababu barafu peke yake ina mwisho.

Upande wa barafu. Figo iingie kwenye mfuko wa kwanza ikiwa imezama ndani ya myeyusho, mfuko wa pili uwe na maji baridi, wa tatu uwe mkavu. Ondoa hewa kwenye kila mfuko. Tumia barafu inayoyeyuka, ambayo haishuki chini ya sifuri. Barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nayo hugandisha gamba la nje la figo huku kipimajoto cha sanduku kikionyesha hali njema.

Upande wa mashine ya baridi. Shinikizo liwe milimita 25 hadi 30 za zebaki, basi. Kwenye baridi mishipa ni migumu, haitanuki kama ilivyo kwenye joto. Ukiweka shinikizo la mwilini utaipasua. Utafiti wa Moers na wenzake uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu watoaji 336 waliofariki ulionyesha kwamba figo zilizokaa kwenye mashine ya baridi zilichelewa kuanza kazi mara chache kuliko zilizokaa kwenye barafu, asilimia 20.8 dhidi ya 26.5. Kwa hiyo mashine ni mshindani halisi wa njia yako mpya, na usilinganishe njia yako na barafu pekee ukadhani umemaliza.

Kosa la kawaida ambalo limewagharimu watu wengi: myeyusho wa barafu na myeyusho wa mashine si kitu kimoja hata kama majina yanafanana. UW ya barafu ina potasiamu nyingi, takriban milimoli 125 kwa lita. Ule wa mashine una sodiamu nyingi na potasiamu chache. Soma lebo mara mbili, kisha mpe mwenzako aisome.

Rekodi mtiririko na ukinzani kila saa. Ukinzani ni shinikizo ukigawanya kwa mtiririko: milimita 28 za zebaki zikipitisha mililita 100 kwa dakika, ukinzani ni 0.28. Unatakiwa ushuke kadiri saa zinavyokwenda. Ukipanda ghafla, angalia kwanza mrija uliojikunja au kiputo, ndipo ulaumu figo.

Dalili ya mafanikio: joto limebaki kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote, na umelithibitisha kwa kumbukumbu ya kipimajoto.

## Hatua ya 5: Andaa damu na mzunguko

Pitisha damu kwenye kichujio cha seli nyeupe. Seli hizo zikikutana na figo iliyoumia huziba vishipa na kumwaga kemikali kali, na mzunguko wako hauna ini wala wengu wa kusafisha. Zungusha damu kwenye mashinepewa, ondoa plazma, osha seli nyekundu, kisha changanya na myeyusho wenye albumini, bikaboneti, glukosi na kiuavijasumu. Seli nyekundu ziwe karibu asilimia 20 hadi 30 ya ujazo wote.

Ongeza kiasi kinachojulikana cha kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu. Bila hiyo hutakuwa na kitu cha kupimia uchujaji.

Angalia rangi ya plazma kwenye kimrija kidogo. Ikiwa nyekundu, seli zimepasuka, na potasiamu imepanda pia. Mara nyingi chanzo ni pampu iliyokazwa mno au damu iliyotikiswa njiani. Andaa upya. Usijiambie itakuwa sawa.

## Hatua ya 6: Kurudisha joto

Pitisha kwanza mililita 200 za Ringer baridi kwenye figo ili kuondoa myeyusho wa kuhifadhia. Ukiruka hatua hii, potasiamu ya UW itaingia kwenye mzunguko mdogo na kuharibu vipimo vyote.

Pasha mzunguko hadi nyuzi 37 ukiwa bila figo, acha uzunguke dakika 20, pima gesi na pH, rekebisha. Ndipo uunganishe figo. Anza na shinikizo la milimita 40 za zebaki, uliongeze hadi 75 ndani ya robo saa.

Shinikizo lisomwe kwenye ncha ya mrija unaoingia figo. Likisomwa kwenye pampu, unapima ukinzani wa mrija wako mwenyewe, na figo inaweza kuwa inapata nusu tu ya unachokiona kwenye kioo.

Dakika tano za kwanza zinasema mengi. Rangi ya waridi inapaswa kuenea kila upande. Madoadoa yakibaki baada ya nusu saa, yaandike na yapige picha, ukiweka kipande cha rula kando. Weka mrija kwenye ureta (njia ya mkojo inayotoka kwenye figo) na kusanya mkojo kwenye silinda yenye vipimo.

## Hatua ya 7: Pima, na usidanganywe na mkojo

Chukua sampuli za ateri, vena na mkojo kwenye dakika 0, 30, 60, 120, 180 na 240. Anayesoma matokeo asijue figo ipi ni ipi.

Mkojo mwingi huwafurahisha watu, nao ndio mtego mkubwa kuliko yote. Figo ambayo mirija yake midogo imekufa huchuja maji na kuyaacha yapite tu. Mfano wa hesabu: mkojo mililita 2 kwa dakika, kreatinini ya mkojo 1,500, ya plazma 600. Uchujaji ni 1,500 mara 2, gawanya kwa 600, yaani mililita 5 kwa dakika. Sodiamu ya mkojo ikiwa 120 na ya plazma 140, sehemu ya sodiamu iliyopotea ni 120 mara 600, gawanya kwa zao la 140 na 1,500, sawa na takriban asilimia 34. Figo yenye afya mwilini hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu. Figo hii inamwaga theluthi, japo silinda imejaa.

Kwa hiyo soma vipimo vinne kwa pamoja: mtiririko wa damu kwa gramu 100, uchujaji wa kreatinini, sodiamu inayopotea, na oksijeni inayotumiwa. Laktati (taka ya seli zinazokosa oksijeni) inayoshuka ni ishara kwamba seli zimerudia kazi. Vimeng'enya vinavyovuja, kama AST na LDH, vinaonyesha zilizopasuka. Kama mwongozo wa jumla, alama zilizobuniwa na Hosgood na Nicholson kwa figo za binadamu kwenye mashine ya joto huangalia mwonekano, mtiririko usiopungua mililita 50 kwa dakika kwa gramu 100, na mkojo usiopungua mililita 43 kwa saa. Zitumie kama dira, usizigeuze kuwa sheria kwa nguruwe.

Vipande vya tishu vya ATP vitumbukizwe kwenye naitrojeni mara tu vinapokatwa, kwani ATP huvunjika wakati unatafuta kalamu. Vikate mwishoni, maana kidonda hutoa damu na kuvuruga mtiririko.

## Hatua ya 8: Figo za mwanzo si za utafiti

Tenga nguruwe watano au sita wa mazoezi. Figo zote mbili zipite njia ileile ya kawaida, bila dawa yoyote. Kisha linganisha kushoto na kulia. Kama jozi hazifanani kwa mtiririko na uchujaji, tatizo liko mikononi mwenu: rudini Hatua ya 3. Msiguse dawa mpya mpaka jozi zifanane. Tofauti mnayoiona hapa ndiyo pia itakayowapa hesabu ya nguruwe wangapi mnawahitaji.

## Baada ya hapo

Modeli hii haina mpokeaji. Haina kinga ya mwili, haina siku ya tatu wala ya saba. Njia iliyoshinda hapa inastahili tu kupelekwa mbele: figo ya nguruwe aliye chini ya ganzi kamili hutolewa, huhifadhiwa, kisha hurudishwa kwa nguruwe huyohuyo na figo ya pili kuondolewa, na kreatinini ya damu hufuatiliwa kwa siku kadhaa. Kazi hiyo inahitaji kibali kamili, daktari wa mifugo aliyepo muda wote, dawa za maumivu, na kigezo kilichoandikwa cha kumsitishia uhai mnyama anayeteseka.

Panya wana nafasi yao pia, hasa kwa kujaribu baridi kali chini ya sifuri. Mwaka 2023 watafiti wa Minnesota waliripoti figo za panya zilizohifadhiwa hadi siku 100 zikiwa zimegeuzwa kuwa kama kioo, kisha zikapashwa joto kwa chembe ndogo za oksidi ya chuma na kupandikizwa. Ni kazi inayotia moyo sana. Lakini figo ya panya ina uzito wa gramu moja na kidogo, ya nguruwe inaweza kufika gramu 250, na kupasha joto sawasawa kipande kikubwa namna hiyo bila kupasuka ni tatizo jingine kabisa. Anayetoka kwa panya apite kwanza kwenye figo hii ya machinjioni kabla ya kumwomba mtu kibali cha mnyama hai.

Katika ripoti yako, andika nguruwe wangapi ulianza nao, wangapi uliwaondoa, katika hatua ipi na kwa sababu gani. Hesabu hiyo ikae mwanzoni kabisa mwa sehemu ya matokeo, pamoja na muda wa joto wa kila jozi.